Filamu ya Pwani isiyouza bichi

Ukisema "filamu ya Pwani" hapa Diani, watu wanawaza droni, bichi na ngamia. Haya, leo nawaletea nyingine: The Letter, ya Maia Lekow na mumewe Christopher King.

Kijana anaitwa Karisa, anaishi Mombasa. Anasikia nyanyake huko Kilifi ameitwa mchawi, na wanaomwita hivyo ni watu wa familia yake mwenyewe. Anarudi kijijini kuuliza kulikoni. Chimba kidogo tu, unakuta shamba.

Maia na Chris hawakuja na kamera wikendi moja wakasepa. Walifuatilia familia hiyo kwa miaka, bila studio kubwa nyuma yao. Maia mwenyewe ni mwanamuziki pia (na sauti anayo!). Kwangu mimi, nguvu ya filamu ni kwamba hata wanaomshtaki bibi wanapewa nafasi waongee. Ukiwasikiliza unaogopa zaidi.

Novemba 2019 ilionyeshwa IDFA kule Amsterdam, kisha Kenya ikaichagua kutuwakilisha kwenye Oscar za 2021. Haikushinda, lakini bibi wa Kilifi alishafika mbali.

Na sisi Kwale tusijitoe, eti hayo ni ya Kilifi. Huku pia wazee wameuawa kwa shutuma hizo hizo. Pwani hii kuna wazee wanapaka mvi rangi nyeusi, na si urembo, wanaogopa wajukuu. Bei ya ardhi ikipanda, uchawi nao unaongezeka, ajabu sana.

Vijana wa Ukunda wenye kamera, mko wengi. Harusi tumeziona. Nani ataenda Lunga Lunga akae na mzee mmoja miaka mitatu?