Saa za Angani baina ya London na Johannesburg

Mwenye kunyoosha uzi juu ya tufe la dunia kutoka London hadi Johannesburg atakuta masafa ya kilomita takriban 9,000, nayo hayajazidi wala kupungua tangu binadamu ajue kuruka. Lakini muda wa kuyakata umebadilika mara nyingi, wala si kwa nguvu za injini peke yake, bali pia kwa idhini ya wenye nchi ambazo njia hiyo hupita juu yake.

Tarehe 4 Februari 1920 marubani Pierre van Ryneveld na Quintin Brand waliondoka Brooklands, Uingereza, wakiazimia kufika Cape Town. Ndege yao ya kwanza, Vickers Vimy, iliwavunjikia katika bonde la Nile. Ya pili ikaanguka Bulawayo, kwani hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na jua likiwaka huzidi wepesi, hata mabawa yakashindwa kuubeba mzigo. Wakamalizia kwa ndege ya tatu, wakawasili tarehe 20 Machi. Siku 45 zilipita, ilhali saa walizokuwa angani hazikutimia 110. Walitunukiwa heshima kubwa, nao waliistahili. Lakini viwanja vya njia hiyo, kama vya Tabora, Abercorn na Ndola, vilifyekwa na kusawazishwa kwa mikono ya Waafrika waliovunja vichuguu vya mchwa na kung'oa visiki, na majina yao ni nadra kutajwa katika masimulizi ya ushujaa huo.

Mwaka 1931 ndege za Imperial Airways, shirika la Uingereza, zilianza kuleta barua kutoka London hadi Mwanza, na mwaka 1937 zikafuata ndege za kutua majini, zikishuka Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi katika safari ya kwenda Durban.

Kisha, tarehe 2 Mei 1952, Comet ya shirika la BOAC la Uingereza, ndege ya jeti ya kwanza duniani kuchukua abiria kwa ratiba, iliondoka London na abiria 36, ikapitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikatua Johannesburg kabla ya kutimia saa 24. Fahari hiyo haikudumu. Mwaka 1954 Comet mbili zilipasuka angani na kuangamia katika bahari ya Mediterania; wataalamu wa ndege wa Farnborough, Uingereza, wakatumbukiza kiwiliwili kizima cha Comet ndani ya birika la maji, wakakijaza na kukipunguza shinikizo mara maelfu, hata ufa ukaanza kwenye pembe ya tundu lililokatwa ubavuni mwake, ikadhihirika kwamba bati lilikuwa limechoka.

Jeti zilizofuata zilikuwa imara, ila mwaka 1963, baada ya viongozi wa Afrika kukutana Addis Ababa, mataifa mengi huru ya bara hilo yalizifungia anga ndege za Afrika Kusini kwa sababu ya dhuluma ya ubaguzi wa rangi. Uamuzi huo ulikuwa wa haki kabisa. BOAC iliendelea kukatiza juu ya bara, bali ndege za Afrika Kusini zililazimika kuizunguka Afrika Magharibi kwa upande wa Atlantiki, zikitia mafuta katika kisiwa cha Sal, hivyo kwamba baina ya miji ile ile miwili zilikuwapo safari mbili zenye urefu mbalimbali, kwa kadiri ya bendera iliyochorwa mkiani. Marufuku hiyo ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, utawala wa ubaguzi ulipokuwa ukiporomoka. Na leo abiria wa ndege zisizotua njiani huikamilisha safari hiyo kwa saa 11 hivi.