Mbio za Lami, Nguvu za Mbuga

Kwa wengi wetu wa mjini, gari lenye nguvu na gari lenye mbio ni kitu kimoja. Historia ya Land Rover inatufundisha kwamba sivyo, nami somo hilo nililipata Mwandoya, wilayani Meatu, siku ya mvua.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, Aprili 1948. Mbunifu wake, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia Jeep ya vita shambani kwake, katika kisiwa cha Anglesey. Gari lake basi lilikuwa la mkulima. Injini ya kwanza ilikuwa ndogo, lita 1.6, kwa hiyo nguvu ilitafutwa kwenye gia. Kwa miaka mingi difu yake, lile bakuli la chuma katikati ya ekseli, ilikuwa ya 4.7. Maana yake shafti huzunguka mara 4.7 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kwenye lami injini ililia na kunywa mafuta, lakini kwenye tope gari lilivuta kama maksai.

Mwaka 1970 ikaja Range Rover, yenye injini ya lita 3.5 na difu ya 3.54. Difu hiyo ilikaa kwenye ekseli za Land Rover nyingi za zamani bila kuchongwa chochote. Injini sasa ilipunguza mizunguko kwa robo nzima katika mwendo ule ule. Nani asingeitamani?

Nchini kwetu spea zilikuwa adimu mwanzoni mwa miaka ya 1980, hadi mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Mwenye Land Rover niliyoipanda alikuwa amepata difu moja tu ya 3.54. Akaifunga nyuma. Ya mbele ikabaki ya 4.7.

Kutoka Bariadi tulikwenda vizuri. Saa ya mwendo ilionyesha 60, kumbe tulikuwa karibu na 80, maana saa hiyo haikujua kwamba difu imebadilishwa. Breki zilikuwa zile zile za zamani.

Mwandoya tuliombwa kumpeleka mama mjamzito Mwanhuzi. Mvua ikatukuta kwenye udongo mweusi, ule ambao Wasukuma huuita mbuga, tofauti na luseni, mchanga wa miinukoni. Mbuga ikilowa hunata kama gundi. Dereva akavuta mkono wenye kichwa chekundu kuingia gia nzito. Katika Land Rover hizo, ukifanya hivyo ekseli ya mbele hujiunga yenyewe. Magurudumu ya nyuma yakataka kwenda haraka, ya mbele yakataka kwenda taratibu. Difu mbili zikashindana, na hafushafti ya nyuma ikakatika.

Mama alimalizia safari kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alijifungua salama, lakini hiyo ilikuwa rehema ya Mungu, si kazi ya fundi.

Simlaumu mtu kwa kutaka kuokoa mafuta. Lakini gia ni kama biashara ya sokoni: mbio huzinunua kwa nguvu, na nguvu huinunua kwa mbio. Anayebadili difu abadili zote mbili, za uwiano mmoja. Asahihishe saa ya mwendo. Aangalie breki. Zaidi ya yote ajiulize, gari hili litafanya kazi wapi? Wilks aliliuliza shamba lake kabla ya kuliunda. Sisi tuliiuliza lami ya Mwanza, tukaisahau mbuga ya Meatu.

Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Zetu ziliishia topeni, na mama wa watu ndani.