HEWA UNAYOIVUTA SASA HAIKUWA HIVI TANGU MWANZO

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Juzi baada ya darsa la Maghrib hapa Maisaka, kijana mmoja wa kidato cha pili alibaki nyuma watu walipotoka. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Shekhe, shuleni tumefundishwa kwamba dunia ilikaa muda mrefu sana bila oksijeni. Nikiandika hivyo kwenye mtihani, nitakuwa nimemkanusha Allah?"

Alikuwa na hofu ya kweli. Nikamwambia, kaa mwanangu. Nilichomjibu nakuandikia na wewe, maana huenda nyumbani kwako yupo mtoto mwenye swali kama hilo na hathubutu kulitoa.

Tuanze na vilivyo karibu yetu. Kaskazini, jirani na Ziwa Natron, upo mlima Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Ni volkano iliyo hai. Mwaka 2007 ulilipuka na kurusha majivu, na hadi leo unatoa gesi, nyingi zikiwa mvuke wa maji na hewa ukaa.

Wataalamu wanakadiria kwamba dunia ina umri wa miaka kama bilioni 4.5, na kwamba sehemu kubwa ya hewa yake ya zamani ilitoka ardhini kwa njia kama hiyo: mvuke, hewa ukaa na naitrojeni. Oksijeni ya kuvuta haikuwepo. Mimi na wewe tungewekwa pale, tusingeishi. Dunia ilipopoa, mvuke ukawa mvua, na mvua ikajaza bahari. Hewa ukaa nyingi ikayeyuka majini, na baadaye ikafungwa ndani ya mawe kama mawe ya chokaa.

Sasa oksijeni ilitoka wapi?

Nenda Ziwa Manyara uwatazame heroe, wale ndege tunaowaita flamingo, wakiinamisha vichwa majini. Wengi wao wanakula viumbe vidogo vya kijani ambavyo kimoja kimoja huwezi kukiona vizuri kwa macho. Ni jamii ya bakteria wanaotumia mwanga wa jua, maji na hewa ukaa kujitengenezea chakula, kisha wanaachia oksijeni. Jamaa zao wa zamani ndio walioanza kuijaza dunia oksijeni.

Haikuwa kazi ya siku moja. Mwanzoni oksijeni nyingi ilishikwa na chuma kilichoyeyuka baharini, kikawa kama kutu, kikatua chini tabaka juu ya tabaka. Miamba yenye tabaka za chuma ipo hata Geita, kwenye eneo la dhahabu, na umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Kama miaka bilioni 2.4 iliyopita ndipo oksijeni ilipoanza kubaki hewani. Ikatokea ozoni ya kuzuia miale mikali ya jua. Baadaye sana mimea ikaenea nchi kavu na kuongeza oksijeni zaidi. Leo hewa yetu kavu ina naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, na iliyobaki ni gesi nyingine chache.

Je, haya yanapingana na imani? Ndugu yangu, jiangalie mwenyewe. Allah akitaka jambo huwa. Hata hivyo wewe alikupitisha tumboni kwa mama yako hatua kwa hatua, na Qur'ani imezitaja hatua hizo. Aliyekuumba kwa hatua, kipi kinamzuia kuiumba hewa yako kwa hatua? Mtaalamu anaeleza namna jambo lilivyokwenda. Hilo halimwondoi Mwenye kulipitisha.

Nakiri kosa langu hapa. Miaka mingi iliyopita kijana mwingine aliniuliza swali la namna hii, nikamjibu kwa ukali kwamba hayo ni maneno ya makafiri. Hakurudi tena darsani. Namwomba Allah anisamehe. Mzazi, mwalimu wa madrasa, usimfukuze mtoto kwa swali ambalo wewe hujajifunza jibu lake.

Jambo la mwisho. Surat Ar-Rahman inatuuliza juu ya neema za Mola wetu mara 31, na ndani yake imetajwa mizani. Hewa nayo ina mizani yake. Kabla ya zama za viwanda, hewa ukaa ilikuwa kama sehemu 280 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Sasa imepita 420, kwa sababu ya kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kukata misitu. Walioongeza zaidi ni mataifa makubwa ya viwanda, lakini panga linaloingia msitu wa mlima Kwaraa tunalishika sisi.

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, ni sadaka yake. Basi msimu huu wa mvua panda japo mti mmoja. Na ukivuta pumzi sasa hivi, sema Alhamdulillah, ukijua ilivyotayarishwa muda mrefu kabla hujazaliwa.

Yule kijana nilimwambia: andika ulichofundishwa, na uanze na Bismillah.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.