Mahali pa Kulengea Shabaha: Sharti la Mkataba au Mazoea Tu?

Mwanafunzi anayesoma fiqhi ya Imamu Shafi hufika, baada ya milango ya vichinjwa na vyakula na kabla ya mlango wa viapo, kwenye mlango mfupi uitwao musabaqa na munadhala, yaani mashindano ya mbio na mashindano ya kulenga shabaha. Katika darsa nyingi mlango huu husomwa kwa haraka, kwa kuwa anayefundisha na wanaofundishwa hawajapata kushika upinde. Ni hasara, kwani ndani yake mna suala lililowagombanisha walenga shabaha wa Uingereza na Marekani kwa zaidi ya miaka 130: mashindano makuu ya taifa yakishazoeleka mahali fulani, nani ana haki ya kuyahamisha, na anayekataa kuhama ana hoja gani?

Tuanze na kitabu. Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H) katika Minhaj ameshurutisha kuwa wanaoshindana kulenga waijue masafa, idadi ya mishale, idadi ya kupata itakayohesabiwa kuwa ushindi, na ukubwa wa shabaha kwa urefu na upana. Kisha akavua jambo moja: wakifunga mkataba mahali penye shabaha inayojulikana, basi lisilotajwa litachukuliwa kwa mujibu wa desturi ya mahali pale. Ni maneno machache lakini yana uzito mkubwa. Maana yake ni kuwa mahali penyewe hukamilisha mkataba pale ndimi ziliponyamaza. Akaongeza kuwa, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu, mkataba huu wenye mali ndani yake ni wa lazima. Mmoja wao hana haki ya kuuvunja peke yake, wala kuzidisha au kupunguza.

Asili yake iko katika Sunna. Ibn Umar (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi waliotayarishwa kutoka Hafya mpaka Thaniyatul-Wadaa, na wasiotayarishwa kutoka Thaniya mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Kila kundi lilipewa mwanzo wake na mwisho wake, kwa majina ya mahali. Ama walenga shabaha, Salama bin al-Akwaa (r.a.) amesimulia jinsi Mtume (s.a.w.) alivyowapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale, akawahimiza, akasema yuko pamoja na upande mmoja, upande wa pili wakazuia mikono yao, mpaka akawaambia kuwa yuko pamoja nao wote. Katika riwaya ya Bukhari imetajwa kuwa walikuwa sokoni. Tuliweke neno hili akilini, tutalirudia.

Ama kulenga kwa bunduki, wanazuoni wengi wa zama zetu wamekuingiza katika hukmu ya mshale kwa sababu illa ni moja, nayo ni mazoezi ya nguvu na ulinzi. Kuhusu ada za kuingilia na zawadi zitokazo ndani ya ada hizo, hilo ni suala la kamari lenye mlango wake, nasi hatulifungui hapa.

Sasa tuingie katika historia. Chama cha bunduki cha Uingereza, National Rifle Association, kiliundwa mwaka 1859, wakati Waingereza walipokuwa na hofu ya kushambuliwa na Ufaransa na vijana wao wakijiandikisha kuwa askari wa kujitolea. Mwezi Julai 1860 mkutano wa kwanza ulifanyika Wimbledon, kwenye uwanda wa wazi kusini magharibi ya London. Malkia Victoria mwenyewe alifyatua risasi ya kwanza kwa bunduki iliyofungwa kwenye chuma ili isitikisike, yadi 400, ikapiga karibu na kitovu cha shabaha. Alitoa pia zawadi ya pauni 250 kwa mshindi mkuu. Kwa lugha ya mafakihi, hiyo ni zawadi itokayo kwa asiyeshindana, ambayo ndiyo iliyo salama zaidi kuliko zote.

Kwa miaka 30 jina la Wimbledon likawa ndilo jina la mashindano yenyewe. Mtu hakusema anakwenda kushindana kulenga, alisema anakwenda Wimbledon. Watu wa London walimiminika kutazama, mahema yakasimamishwa, ikawa ni sikukuu ya mjini. Lakini ardhi haikuwa ya chama. Ilikuwa chini ya Earl Spencer, ambaye yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa viongozi wa mwanzo wa chama. Mwaka 1864 alipotaka kuzungushia ua sehemu yake na kuuza nyingine, wakazi walisimama wakampinga, na sheria ya mwaka 1871 ikaikabidhi kwa baraza la wahifadhi ili ibaki wazi kwa watu wote. Hapo tayari haki mbili zikakaa katika uwanja mmoja: haki ya walenga shabaha waliokwisha kuzoea, na haki ya umma wa kutembea na kupumzika. Nyumba nazo zikazidi kusogea, na bunduki zikazidi kuwa na nguvu. Mwaka 1888 jeshi la Uingereza lilipitisha bunduki mpya yenye risasi nyembamba iendayo mbali zaidi kuliko ile ya mwanzo, na uwanja uliotosha mwaka 1860 haukutosha tena.

Aliyelalamika kwa sauti iliyosikika alikuwa Duke wa Cambridge, binamu wa Malkia, mwenye mashamba jirani na uwanja, ambaye aliona risasi zinahatarisha mali yake na watu wake. Jambo la kushangaza ni kuwa bwana huyo ndiye aliyekuwa Amiri Jeshi Mkuu wa nchi. Wapo waliomcheka kwa hilo: mkuu wa jeshi anaogopa risasi! Sisi hatuoni la kuchekesha. Mtu hapotezi haki ya jirani kwa sababu ya cheo chake, na dhara haigeuki kuwa halali kwa kuwa anayedhurika ni mkubwa.

Hapa ndipo tunaporudi sokoni. Watu wa Aslam walilenga sokoni na hawakukatazwa. Lakini Mtume (s.a.w.) huyo huyo, katika hadithi ya Abu Musa (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, aliamuru kuwa anayepita na mishale msikitini au sokoni azishike ncha zake kwa mkono, asije akamjeruhi Mwislamu yeyote. Ukizikusanya hadithi mbili hizi unapata hukmu iliyo wazi: kulenga karibu na watu ni ruhusa maadamu ncha zimeshikwa, ncha zikishindwa kushikika, haki ya mpita njia hutangulia. Risasi iliyokwisha kutoka haina wa kuishika ncha. Kwa hiyo katika mgogoro wa Wimbledon tunaona kuwa waliotaka uwanja uhamishwe walikuwa na haki, hata kama mazoea yalikuwa ya miaka 30 na hata kama Malkia ndiye aliyeyafungua.

Mkutano wa mwisho Wimbledon ulikuwa mwaka 1889. Mahali papya palitafutwa kwa mabishano makali, kwa kuwa wapo waliohofu kuwa mashindano yakitoka London watazamaji watatoweka. Mwishowe pakachaguliwa Bisley, katika nyika za Surrey, kiasi cha kilomita 45 kutoka London, na mwezi Julai 1890 Princess wa Wales akafyatua risasi ya kwanza. Baadhi ya majengo yalibomolewa Wimbledon na kusimamishwa tena huko. Msomaji atapenda kujua kuwa mwaka ule ule wa 1889 msikiti wa Shah Jahan, wa kwanza kujengwa Uingereza kwa makusudio ya kuwa msikiti, ulisimamishwa Woking, mwendo wa kilomita chache kutoka Bisley. Na katika makaburi ya Brookwood, ambayo yako jirani kabisa na uwanja huo wa shabaha, wamezikwa Marmaduke Pickthall na Abdullah Yusuf Ali, wafasiri wawili wa Qur'ani kwa Kiingereza. Allah awarehemu.

Marekani mambo yalikwenda kwa sura nyingine, na hukmu yake ni ngumu zaidi. Chama chao, chenye jina lile lile, kiliundwa mwaka 1871, na mwaka 1873 kikafungua uwanja wa Creedmoor katika Long Island, New York. Mwaka uliofuata walishindana hapo na timu ya Ireland, wakashinda kwa 934 dhidi ya 931. Katika siku hiyo mmoja wa Waayalandi aliipiga shabaha katikati kabisa, lakini ilikuwa shabaha ya jirani yake, akapewa sifuri. Mafakihi wetu wangekata vivyo hivyo, kwani la kuzingatiwa ni shabaha iliyoainishwa. Mwaka 1875 timu ya Marekani ilipozuru Uingereza ilipewa kikombe kilichoitwa Kombe la Wimbledon, nacho kikavuka bahari kwenda kushindaniwa huko.

Creedmoor haikudumu. Wanasiasa wa New York hawakuwa na hamu tena ya mambo ya bunduki, ardhi ikarudishwa kwa serikali ya jimbo, na mwaka 1892 mashindano yakahamia Sea Girt, New Jersey. Hata hapo hapakutosha. Baada ya serikali kuanzisha mwaka 1903 bodi ya taifa ya kusimamia mazoezi ya bunduki, washindani walizidi, na mwaka 1907 mashindano yakafika Camp Perry, kando ya ziwa Erie katika jimbo la Ohio. Ipo miaka yaliyoondoka hapo, kama 1915 yalipokwenda Jacksonville, Florida, na 1919 yalipokwenda Caldwell, New Jersey. Katika vita vya pili vya dunia kambi hiyo ilifungiwa mateka wa Kijerumani na Kiitaliano. Lakini kila mara watu walirudi Perry, na upepo wa ziwa ukawa ni sehemu ya ujuzi wao. Aliyeshinda hapo alihesabiwa kuwa ameushinda na upepo wake.

Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilihamisha kazi ya serikali katika jambo hili na kuikabidhi taasisi isiyo ya kiserikali iitwayo CMP, na kwa kiasi cha miaka 20 taasisi hiyo na chama waliendesha mashindano bega kwa bega pale Camp Perry. Kisha chama kikatangaza kuwa kuanzia mwaka 2017 mashindano yake ya taifa ya bunduki za masafa yatafanyika Camp Atterbury, Indiana. Viongozi walitaja nafasi ya kupanuka. CMP ikabaki Ohio na ikaandaa mashindano yake yenyewe. Baadaye bastola nazo zikaamuliwa zihamie Indiana mwaka 2020, mwaka ambao maradhi ya Korona yalisimamisha mengi. Matokeo yake ni kuwa mlengaji aliyekuwa akisafiri mara moja kwa mwaka sasa alilazimika kuchagua, na jina la bingwa wa taifa likawa na madai mawili.

Hapa hapakuwa na jirani aliyedhurika wala ardhi iliyochukuliwa. Je, chama kilikuwa na haki? Wanaosema hapana hushika hoja ya mazoea: tangu 1907 ni Perry, na desturi ni hakimu. Sisi hatuioni hoja hii kuwa imekamilika. Desturi aliyoitaja Imamu Nawawi hufasiri mkataba uliokwisha kufungwa. Haimlazimishi mtu kufunga mkataba mpya mwakani. Na mashindano ya kila mwaka ni mkataba wa mwaka huo. Lau chama kingehamisha uwanja baada ya watu kulipa na kujiandikisha, hapo pangekuwa na dhulma, kwa sababu masafa, upepo na gharama za safari zimekwisha kuingia katika makubaliano. Kutangaza mapema kwa ajili ya msimu ujao ni jambo lingine, na mwenye kuandaa ana haki nalo.

Lakini wapinzani walikuwa na hoja ya pili ambayo tunaiona ina nguvu zaidi, nayo inahusu vikombe na hesabu za rekodi. Kombe hutolewa na mtu kwa makusudio fulani, na anayelipokea hulishika kwa niaba ya wengine. Akilibeba kwenda mahali ambako nusu ya washindani hawaendi, bado makusudio ya mtoaji yametimia? Katika wakfu tungeuliza sharti la mwenye kuweka wakfu. Kwa Kombe la Wimbledon, lililopewa Wamarekani na watu ambao baadaye wao wenyewe waliihama Wimbledon, ni vigumu kudai kuwa mtoaji alikusudia kipande cha ardhi. Alikusudia ushindani wa masafa marefu kati ya walio bora wa nchi. Kwa hiyo kuhama peke yake hakuliharibu kusudio hilo. Kinacholiharibu ni kugawanyika, na lawama ya kugawanyika ni ya pande mbili zote, aliyeondoka bila kumridhisha mwenzake na aliyebaki akaweka mashindano mengine mahali pale pale.

Wapo Waislamu waliojaribu kulifunga suala hili tangu mwanzo. Sultan Muhammad Fatih, baada ya kuifungua Constantinople mwaka 857 H (1453 M), alitenga uwanja juu ya Pembe ya Dhahabu kwa ajili ya warusha mishale, ukawekwa wakfu, ukaitwa Okmeydanı, yaani uwanja wa mshale. Mwanawe Bayezid wa Pili akawajengea zawiya. Masafa ya kutupia yalipangwa kwa kufuata upepo unaovuma, na aliyevunja rekodi alisimamishiwa jiwe pale mshale wake ulipoangukia, likiandikwa jina lake. Sultan Mahmud wa Pili, aliyefariki mwaka 1839, ana mawe yake hapo. Uwanja wa namna hii haukuwa na wa kuuhamisha, kwa kuwa rekodi yenyewe imepandwa ardhini.

Hata hivyo katika karne ya 20 nyumba za wahamiaji kutoka mashambani zilijengwa juu ya sehemu kubwa ya wakfu huo, na mawe mengi yakapotea. Zawiya ilijengwa upya na kufunguliwa mwaka 2013, na warusha mishale wanafanya mazoezi hapo. Baadhi ya mawe yaliyosalia yanaonekana mpaka leo, yakiwa yamesimama kati ya kuta za nyumba za watu.