Kustawi na Kufifia kwa Kilwa Kisiwani

Kuanguka kwa Kilwa Kisiwani huelezwa mara nyingi kwa mwaka mmoja tu, yaani 1505, manowari za Mreno Francisco de Almeida zilipouteka mji. Maelezo hayo yanatosha kuhusu tukio, wala hayatoshi kuhusu sababu.

Kilwa haikuchimba dhahabu. Dhahabu ilitoka nyanda za Zimbabwe ikateremkia Sofala, na Kilwa ikaitawala biashara ya Sofala. Wafanyabiashara kutoka Arabuni na Bara Hindi, waliotegemea kaskazi kuja na kusi kurudi, waliona taabu kuvuka Kilwa kwenda kusini zaidi na kurejea kwa msimu mmoja. Hivyo Kilwa ikawa lango. Kwa ushuru wa lango hilo Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga jumba la Husuni Kubwa na kuupanua Msikiti Mkuu. Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliusifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa. Sarafu za shaba za masultani wake zilikuwa na maandishi ya Kiarabu yenye vina, upande mmoja ukiitikia mwingine.

Lakini mwenye lango si mwenye shamba. Husuni Kubwa haikumalizika, nayo ilihamwa mapema. Katika karne ya 15 maamiri na mawaziri waliwanyang'anya masultani madaraka. Amiri Ibrahim, aliyekuwapo Wareno walipofika, hakuwa wa ukoo wa kifalme. Mwaka huohuo wa 1505 Wareno walijenga ngome Kilwa na nyingine Sofala. Ya Sofala ndiyo iliyouumiza mji zaidi, kwani ilitenga lango na chemchemi yake. Kufikia mwaka 1512 Wareno wenyewe waliihama ngome ya Kilwa: palikuwa hapana tena cha kulindwa.

Palmyra, mji wa misafara katika jimbo la Kirumi la Shamu, nao uliishi kwa njia zilizopita kwake, hata Kaisari Aurelian alipouvunja mwaka 273.

Kilwa ilifufuka katika karne ya 18, ila kwa biashara ya watumwa: mwaka 1776 sultani wake aliahidi kumwuzia Mfaransa Morice watumwa 1,000 kila mwaka. Karne iliyofuata biashara ikahamia Kilwa Kivinje, bara.

Anayeanza na Washirazi na kukoma na Wareno huufanya mji huu kuwa kazi ya wageni tangu mwanzo hata mwisho. Uchimbuzi wa Neville Chittick ulionyesha kwamba watu walikaa kisiwani kabla ya ukoo huo kutawala. Na magofu yalipobaki, wenyeji walibaki nayo, pamoja na Kiswahili chao.