Miali ya Gama Yatoka Wapi?

Kuona moshi juu ya kilima ni jambo moja. Kujua ni shamba la nani linaloungua ni jambo lingine. Shida hiyo iliwasumbua wataalamu wa nyota karibu miaka 30.

Habari ilianza kwa hofu ya vita. Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Urusi ya Kisovieti zilipatana zisijaribu tena mabomu ya atomu hewani, majini wala juu angani. Lakini kupatana si kuaminiana. Wamarekani wakarusha satelaiti zilizoitwa Vela, mbili mbili, zikae mbali na dunia zaidi ya kilometa 100,000 na kulinda kama askari wa zamu. Bomu la namna hiyo likipasuka hutoa miali ya gama, na Vela zilikuwa na vyombo vya kuipokea.

Tarehe 2 Julai 1967 vyombo hivyo vikaandika mwako mfupi usiofanana na bomu. Ray Klebesadel na wenzake wa Los Alamos waliugundua mwaka 1969, walipokuwa wakipitia maandishi ya nyuma. Hawakukimbilia kutangaza. Walingoja Vela mpya zenye saa bora. Maana miali ikifikia satelaiti moja kabla ya nyingine, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, twaweza kukisia imetoka upande gani. Mwaka 1973 wakatangaza milipuko 16, isiyotoka duniani wala katika jua.

Basi, mahali pake ni wapi? Darubini hukusanya nuru kwa kioo, lakini miali ya gama hupenya kioo. Tena huja ghafula, mara nyingi hudumu sekunde chache tu, ikapotea. Satelaiti Compton, iliyorushwa mwaka 1991, ilihesabu milipuko zaidi ya 2,700, nayo ilitoka pande zote za mbingu sawasawa. Mwaka 1995 wataalamu wawili wakashindana kwa hoja mbele ya watu kule Washington. Donald Lamb alisema yatoka karibu na kundi letu la nyota; Bohdan Paczyński alisema yatoka mbali kupita kiasi. Wala hakuna aliyeweza kumnyamazisha mwenzake.

Jibu lilikuja kwa satelaiti iliyopita juu ya vichwa vyetu. BeppoSAX, ya Waitaliano na Waholanzi, ilirushwa mwaka 1996. Ilizunguka dunia ikifuata mstari wa ikweta. Kwa hiyo ilivuka misitu ya Kongo, na dakika chache baadaye ilifika juu ya Malindi, katika pwani ya Kenya. Hapo Malindi antena zilipokea habari zake kila mzunguko na kuzipeleka Roma.

Kamera zake pana zilipokea miali ya eksi, ile ipigayo picha za mifupa hospitalini, ambayo hufuatana na ile ya gama. Mbele ya kamera paliwekwa kifuniko chenye matundu mengi. Miali ikipita huangusha kivuli, na kivuli kikisogea kinaonyesha upande ilikotoka, kama vile mzee ajuavyo saa kwa kivuli cha mti.

Tarehe 28 Februari 1997 mlipuko ukaonekana. Baada ya saa nane hivi satelaiti ilikuwa imegeuzwa, na vyombo vyake vyenye macho makali vikaona kitu kipya. Siku tatu baadaye kilikuwa kimefifia sana. Kundi la Mholanzi Jan van Paradijs likalinganisha picha zilizopigwa kisiwani La Palma siku ile ile na nyingine za tarehe 8 Machi. Kinuru kimoja kilikuwa kimetoweka. Mahali palikuwa pamepatikana!

Tarehe 8 Mei ukaja mlipuko mwingine, na darubini kubwa ya Keck kule Hawaii ikapima nuru yake: ilikuwa imesafiri yapata miaka milioni elfu saba. Paczyński alikuwa amesema kweli. Na walinzi wa mabomu, bila kujua, walikuwa wameona vifo vya nyota, maana milipuko iliyo mirefu hutokea nyota kubwa sana inapoporomoka ndani yake yenyewe.

Mwaka 2004 ikarushwa Swift, igeukayo yenyewe kwa dakika moja au mbili bila kungoja amri ya mtu. Habari zake nazo zilishukia Malindi. Tarehe 23 Aprili 2009 ilipata mlipuko ambao nuru yake ilikuwa njiani yapata miaka milioni elfu 13.