Mizani ya Marais Wanne

Kuwapanga watawala waliokufa kwa madaraja ni kazi iliyowapendeza wanahistoria wa Marekani kwa muda mrefu. Mwaka wa 1948 Arthur Schlesinger, mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliwaomba wataalamu 55 wawapime marais wa nchi yao, kuanzia wakuu hata walioshindwa kabisa, na majibu yao yakachapishwa katika gazeti la Life. Abraham Lincoln alipewa nafasi ya kwanza, wala hapana aliyestaajabu. Katika daraja la mwisho waliwekwa watu wawili tu, Ulysses Grant na Warren Harding. Andrew Johnson, aliyetawala baina ya Lincoln na Grant, na Rutherford Hayes, aliyempokea Grant, waliwekwa katikati pamoja na watu wa kadiri. Schlesinger aliuliza tena mwaka wa 1962, safari hii wataalamu 75, na hukumu juu ya watu hawa ikawa karibu ile ile.

Katika upimaji uliofanywa na televisheni ya C-SPAN mwaka wa 2021, Johnson alikuwa wa 43 katika watu 44, na Grant alikuwa wa 20. Johnson alikufa mwaka wa 1875, na Grant mwaka wa 1885. Tangu siku hizo hapana hata mmoja wao aliyeongeza jema wala baya katika hesabu yake. Lililobadilika, basi, ni jiwe la mizani, na ili kulitambua jiwe hilo hapana budi kuyarejea matendo yenyewe.

Habari za Lincoln zinajulikana kupita za wengine, na hazihitaji maneno mengi. Mtangulizi wake, James Buchanan, alikuwa na kila sifa inayoweza kuandikwa karatasini: mwanasheria, mbunge, seneta, balozi katika Urusi na Uingereza, waziri wa mambo ya nje. Majimbo ya Kusini yalipoanza kujitenga mwezi wa Desemba 1860 kwa ajili ya kuulinda utumwa, Buchanan alisema kwamba hayakuwa na haki ya kujitenga, na kwamba serikali nayo haikuwa na uwezo wa kuyazuia. Ilikuwa hoja ya mlinzi asemaye kuwa wizi ni haramu, na kumkamata mwizi ni haramu vile vile. Lincoln, ambaye masomo yake ya shule hayakuzidi mwaka mmoja kwa jumla, na ambaye alikuwa amekaa Bungeni miaka miwili tu, aliingia madarakani tarehe 4 Machi 1861 majimbo saba yakiwa yamekwisha kutoka. Vita vilianza mwezi uliofuata. Pamba ya Kusini ikafungiwa bandarini, na mshindo wake ukafika hata Unguja, ambako nguo ya merikani ilipungua sokoni.

Sifa kubwa ya Lincoln haikuwa ukamilifu bali mwendo. Alipoapishwa aliahidi kutougusa utumwa mahali ulipokuwapo. Tarehe 1 Januari 1863 alitangaza kuwa huru watumwa wote wa sehemu zilizoasi, ijapokuwa wale wa majimbo ya utumwa yaliyobaki katika Muungano hawakuguswa na tangazo lile. Wanaume weusi wapatao 180,000 waliingia jeshini, na waliovaa sare ya serikali hawakuweza tena kuhesabiwa kuwa mali ya mtu. Tarehe 11 Aprili 1865, katika hotuba yake ya mwisho, alisema kwamba angependa baadhi ya watu weusi, walioelimika na waliopigana vitani, wapewe kura. Katika wasikilizaji alikuwamo John Wilkes Booth, na siku tatu baadaye Booth alimpiga risasi. Kwa hiyo Lincoln alikufa kabla ya kuulizwa swali gumu kuliko vita: watu milioni nne waliotoka utumwani watakuwa nani katika nchi waliyoijenga? Wengi waliompima wamemhesabia jibu ambalo hakuwahi kulitoa, na hesabu za warithi wake wameziandika kwa wino mwingine.

Johnson alikuwa fundi wa kushona nguo kutoka Tennessee, asiyeingia shule hata siku moja. Katika maseneta wote wa majimbo yaliyojitenga, yeye peke yake alibaki kitini pake, na ushujaa huo haufai kusahauliwa. Aliwachukia matajiri wa mashamba tangu ujana wake, na wengi walidhani kwamba angewakomoa. Tarehe 29 Mei 1865 alitoa msamaha kwa waasi walio wengi, ila wenye mali ya zaidi ya dola 20,000 walitakiwa wamwombe yeye mwenyewe. Walikuja, wakaomba, naye akawasamehe kwa maelfu. Huenda kuombwa na mabwana waliokuwa wakimdharau kulimpendeza kuliko kuwaadhibu. Lakini msamaha ule ulirudisha na ardhi. Mwezi wa Januari 1865 Jenerali Sherman alikuwa ametenga pwani ya South Carolina, Georgia na sehemu ya Florida kwa ajili ya watu walioachwa huru, na watu wapatao 40,000 walikuwa wamekwisha kupanda mazao yao humo. Kabla mwaka haujaisha, Johnson aliamuru mashamba hayo warudishiwe waliokuwa na hati, yaani wale wale walioiasi serikali yake.

Mabaraza ya Kusini yaliyoundwa chini ya ulinzi wake hayakukawia kutunga sheria za watu weusi. Katika Mississippi mtu mweusi alitakiwa kila mwezi wa Januari awe na hati ya kuonyesha kwamba ana kazi. Asiyekuwa nayo alikamatwa kwa uzururaji akatozwa faini, na aliyeshindwa kuilipa alikodishwa kwa yeyote aliyemlipia. Yatima walitiwa katika uanagenzi, na bwana wao wa zamani ndiye aliyetangulizwa kuwachukua. Bunge lilipopitisha mswada wa haki za raia mwaka wa 1866, Johnson aliukataa, akidai kwamba uliwapendelea watu weusi na kuwaonea weupe. Bunge liliupitisha tena kwa theluthi mbili. Katika Memphis mwezi wa Mei, na katika New Orleans mwezi wa Julai mwaka ule ule, watu weusi waliuawa mchana mbele ya polisi, na katika mengi polisi ndio waliokuwa wauaji. Rais aliwalaumu wapinzani wake wa Bungeni.

Mwaka wa 1868 Baraza la Wawakilishi lilimshtaki, na katika Seneti aliokoka kwa upungufu wa kura moja, 35 dhidi ya 19. Mashtaka yenyewe yaliegemea sheria iliyomkataza Rais kumwondoa waziri pasipo idhini ya Seneti. Sheria hiyo ilikuwa dhaifu, na mwaka wa 1926 Mahakama Kuu ilitamka kwamba haikupatana na Katiba. Hapa ndipo wanahistoria wa zamani walipompatia Johnson daraja lake la katikati. Walimwona mlinzi wa Katiba aliyezingirwa na wabunge wenye hasira. Jambo hilo lina ukweli wake, lakini ni ukweli unaoanzia mahakamani na kuishia mahakamani, bila ya kupita shambani kuona nani alikuwa akilima na kwa ujira gani.

Grant aliyekuja baada yake alikuwa askari aliyeshinda vita na kushindwa karibu kila kitu kingine. Kabla ya vita alikuwa akiuza kuni katika mitaa ya St. Louis. Alimiliki mtumwa mmoja, William Jones, akamwacha huru mwaka wa 1859, ijapokuwa fedha zake zingemfaa sana. Urais wake una makosa yasiyohitaji kutafutwa kwa taa. Aliwaamini marafiki kupita kiasi. Watengenezaji wa wiski walishirikiana na watoza kodi kuiibia hazina, na katibu wake mwenyewe, Orville Babcock, akashtakiwa katika mkasa huo. Waziri wake wa vita, William Belknap, alijiuzulu mwaka wa 1876 kwa kashfa ya rushwa. Tena, katika siku zake Walakota waliingiliwa katika milima waliyohakikishiwa kwa mkataba wa 1868, kwa sababu dhahabu ilionekana humo. Jambo hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, nalo ndilo lililotajwa kwa uchache kuliko yote na waliomshusha Grant.

Yapo, hata hivyo, mambo mengine. Mwaka wa 1870 Nyongeza ya 15 ya Katiba ilikataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi. Hiram Revels wa Mississippi akaingia Seneti, na Joseph Rainey wa South Carolina akaingia Baraza la Wawakilishi, wote wawili wakiwa watu weusi wa kwanza kukalia viti hivyo. Ku Klux Klan, kundi lililoanzishwa katika Tennessee baada ya vita, lilikuwa likiwachapa na kuwaua wapiga kura usiku. Grant aliomba sheria, akaipata mwezi wa Aprili 1871. Mwezi wa Oktoba aliondoa katika wilaya tisa za South Carolina ile haki ya mtu aliyekamatwa kufikishwa mara moja mbele ya hakimu, akapeleka askari. Mwanasheria wake Mkuu, Amos Akerman, aliyekuwa askari wa jeshi la Kusini katika vita, ndiye aliyeongoza mashtaka. Mamia ya watu walikamatwa, wengine wakakimbia, na Klan ile ya kwanza ikavunjika. Uchaguzi wa 1872 ulikuwa wa amani kuliko nyingi zilizofuata katika karne hiyo. Rais mwingine hakuthubutu jambo la namna hiyo kwa muda wa miaka 80 na zaidi.

Lakini Grant hakuimaliza kazi aliyoianza. Akerman aliombwa ajiuzulu kabla ya mwaka 1871 kwisha. Siku ya Pasaka ya 1873, katika Colfax, Louisiana, watu weusi wasiopungua 60 waliuawa, wengi wao wakiwa wamekwisha kusalimu amri. Mwaka wa 1876, katika kesi iliyotokana na mauaji hayo, Mahakama Kuu iliamua kwamba Nyongeza ya 14 ilizifunga serikali za majimbo, si mtu mmoja mmoja, na wauaji wakaenda zao. Mwaka wa 1875 gavana wa Mississippi, Adelbert Ames, aliomba askari ili uchaguzi ulindwe, naye akajibiwa kwamba umma ulikuwa umechoshwa na ghasia za Kusini. John R. Lynch, mbunge mweusi wa jimbo hilo, aliandika baadaye kwamba Grant alimweleza sababu: viongozi wa chama walimwonya kuwa akipeleka askari Mississippi watashindwa katika uchaguzi wa Ohio. Chama kilishinda Ohio. Gavana aliyechaguliwa huko alikuwa Rutherford Hayes.

Mtu akizitazama habari hizi hana haja ya kumfanya Grant mtakatifu ili aone kwamba kumweka chini ya Johnson kulihitaji sababu maalumu. Sababu hiyo ilifundishwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 William Dunning wa Chuo Kikuu cha Columbia na wanafunzi wake waliandika kwamba kuwapa watu weusi kura lilikuwa kosa, na kwamba serikali zilizotokana na kura hizo zilikuwa za wizi na ujinga. Katika vitabu vyao wizi wa wiski ni uhalifu, na mauaji ya Colfax ni fujo. Mwaka wa 1915 sinema ya The Birth of a Nation, iliyoisifu Klan, ilionyeshwa katika Ikulu ya Woodrow Wilson, rais ambaye aliacha idara za serikali ziwatenge wafanyakazi weusi, na ambaye wataalamu wa 1948 walimweka wa nne katika marais wakuu. W. E. B. Du Bois aliwajibu wanahistoria hao mwaka wa 1935 kwa kitabu kinene, Black Reconstruction in America, na sura yake ya mwisho iliwashtaki wao wenyewe. Majarida ya wataalamu yaliipa kazi hiyo masikio machache. Ilisubiri hata miaka ya 1960, watu weusi walipoandamana kudai kura ambayo Grant alikuwa ametia askari kuilinda, ndipo vyuo vikuu vikaanza kuzifungua upya kumbukumbu za Kusini.

Yule wa nne, Hayes, hana mengi. Katika uchaguzi wa 1876 mpinzani wake, Samuel Tilden, alipata kura nyingi zaidi za wananchi, lakini matokeo ya majimbo matatu ya Kusini yaligombaniwa, na tume ya watu 15 ikampa Hayes ushindi kwa kura nane dhidi ya saba. Alikuwa mtu mwaminifu, mwenye nyumba tulivu na hazina isiyoibiwa, na sifa hizo ndizo zilizompa daraja la kadiri. Mwezi wa Aprili 1877 aliwaondoa askari waliokuwa wakizilinda serikali za mwisho za Republican katika South Carolina na Louisiana, baada ya kupokea ahadi za viongozi weupe kwamba haki za watu weusi zitaheshimiwa. Aliziamini ahadi hizo. Katika Louisiana, watu weusi walioandikishwa kupiga kura mwaka wa 1896 walikuwa bado 130,334. Mwaka wa 1904 walikuwa 1,342.